Landrova Iliyonyamazishwa

Hadi leo nikisikia harufu ya oili chafu, moyo unanichafuka. Oili yenyewe haina kosa. Mume wangu alikuwa na Landrova aliyoinunua ikiwa imeshachoka, na nyumbani kwetu Nyahanga, pale Kahama, oili ilikuwa imetuzoea kama moshi wa kuni. Kinachonitia kinyaa ni kukumbuka uani kwetu siku ile, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wanaume wawili wazima na akili zao wakiliharibu gari lililokuwa zima, ili lisiwatie aibu mbele za watu.

Gari lilikuwa linagonga. Chini ya mfuniko wa juu wa injini kuna valvu, na kila valvu ina chuma kinachoisukuma. Kati ya hivyo viwili lazima ibaki nafasi ndogo sana, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka, na kikikosa nafasi valvu haifungi, injini inaishiwa nguvu. Nafasi hiyo ndiyo inayotoa ule mlio wa tak-tak-tak. Mume wangu alikuwa mwalimu, lakini kazi ya kupima nafasi hizo, yaani kupima tapeti, aliijua vizuri, na aliifanya mwenyewe uani, injini ikiwa ya baridi. Alizungusha kwa hendeli, akapitisha fila, kile kibati chembamba cha kupimia, kisha akakaza nati. Aliyekuwa akimshikia spana ni mimi. Na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, si mara moja, "Zikigonga kidogo ni afadhali. Zikibana, tutarudi kwa miguu."

Asubuhi ile alizipima, akamaliza, akawasha. Zikagonga kidogo, kama inavyotakiwa. Nilifurahi, maana kesho yake tulikuwa tunakwenda Ushirombo, ambako mdogo wangu wa mwisho alikuwa anapata upadrisho. Siku hiyo wazazi humshika kijana wao mkono wakamkabidhi kwa askofu mbele ya kanisa zima. Sisi baba alitutoka zamani. Mama, alipokuwa kitandani kwa ugonjwa uliomwondoa, aliniambia mkono wa yule mtoto niushike mimi. Nilimlea kwa uji wangu, nikabishana na ukoo mzima ili asitolewe shule kwenda kuchunga ng'ombe. Aliyepiga kelele kuliko wote kwamba atolewe ni shangazi yetu. Kitenge changu cha siku hiyo nilikitunza sandukuni tangu mdogo wangu alipokuwa shemasi.

Mchana akaingia kaka yake mume wangu kutoka Maganzo, asafiri nasi. Yeye alikuwa mnunuzi wa almasi, au hivyo ndivyo alivyojiita, mwenye saa kubwa ya kung'aa na tabia ya kutema mate popote anaposimama. Alitema karibu na jiko langu, akasikiliza injini, akakunja uso.

"Mdogo wangu, utafika kanisani na debe la misumari hili? Mbele ya wakwe zako?"

"Ndivyo zinavyotakiwa, kaka," mume wangu akasema, akicheka.

"Injini nzuri haisikiki. Kule kwetu matajiri wakipita, unasikia matairi tu."

Hakuna tajiri hata mmoja wa Maganzo aliyekuwa anapita na Landrova mbovu, lakini nani amwambie. Akaingia jikoni bila kubisha hodi, akatoka na mwiko wangu wa ugali. Akaubandika bapa lake juu ya injini na mpini akautia sikioni, kwenye sikio lile lenye nta, akafumba macho kama daktari. Halafu akatoa hukumu: valvu zote zimelegea.

Nilimtazama mume wangu nikingoja aseme anachokijua. Akaitazama saa ya kaka yake. Akazima gari, wakakaa mpaka injini ipoe, akafungua mfuniko tena. Safari hii fila aliiacha juu ya kigoda, akakaza nati kwa mkono tu mpaka chuma kikaacha kucheza.

"Unabana," nikamwambia. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Mayu," akasema, yaani mama kwa lugha ya kwetu, "mambo ya gari tuachie."

Miaka yote nimeshika spana, leo mambo ya gari niwaachie! Nikaingia ndani. Walipowasha, kweli gari lilinyamaza. Majirani wakaja kuusikiliza ukimya huo na kusifu, na mume wangu akasimama pale akitabasamu. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa miaka ile, basi wakafutia mikono kwenye khanga niliyoianika, wakaja kula. Shemeji yangu alichovya tonge kwenye mchuzi wetu sote na kucha zake nyeusi, akaramba vidole, akachovya tena. Sikula. Nilichukia mikono yake, lakini lile tabasamu la mume wangu nililichukia zaidi.

Alfajiri Landrova iliwaka vizuri, ikatoka Kahama kimya kabisa. Shemeji akapiga bodi kwa kiganja. "Umesikia, shemeji? Hakuna kitu!" Jua lilipopanda na injini ikashika moto, nguvu zikaanza kupungua. Kilima kidogo tulikipanda kwa kutambaa, gari likipiga chafya na kukatika-katika. Kabla hatujafika Masumbwe likazima, na halikuwaka tena.

"Petroli mbaya," shemeji akasema, akatema mate, akaenda kukaa kivulini na kuipangusa saa yake vumbi.

Mume wangu alifungua boneti. Hakunitazama. "Tusubiri ipoe," akasema kwa sauti ndogo, "nizilegeze."

"Kwa hiyo ulijua."

Akainamia injini. Huo ndio uliokuwa ubaya wake, kwamba alijua. Mjinga ningemsamehe palepale barabarani.

Lilipopita lori la magunia ya mihogo nililisimamisha, nikapandisha kitenge changu magotini na kushika ubao wa lori nipande.

"Utachafuka, Mama Watoto," mume wangu akaniambia.

Nilikaa juu ya magunia, na unga wa mihogo uliniingia machoni na mdomoni njia nzima. Lori lilisimama kila kijiji, hapa kushusha, pale kupakia, na kila liliposimama niliisikia misa ikiendelea bila mimi.

Nilifika misa ikiwa imekwisha. Watu walikuwa wamejaa nje ya kanisa, na padri mpya amesimama katika mavazi meupe akitoa baraka zake za kwanza. Pembeni yake alikuwa shangazi, amevaa kilemba, akipokea hongera. Hakuna aliyehitaji kunieleza ni nani aliyeushika ule mkono.

Nikapanga foleni kama wageni wengine. Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti mchangani, naye akainama mpaka nikaliona jasho juu ya mdomo wake.

"Dada, ulikuwa wapi? Askofu alikungoja."

"Gari," nikasema.

Aliningoja niendelee. Kisha akaweka mikono juu ya kichwa changu, akanibariki kwa haraka, na aliyekuwa nyuma yangu akapiga magoti.