Bomba la Juu ya Paa

Kwa miaka sita watu wa nyumba ile waliliita bomba, na Thabit bin Marhoon hakuwasahihisha. Bomba lilikuwa bomba kweli: la alumini, la kumwagilia mashamba, lililotupwa na kambi moja ya watafuta mafuta kwa sababu lilipinda mwishoni. Thabit alikata pale palipopinda, akatia mapezi manne upande mmoja na kichwa cha mti kilichochongwa upande wa pili, na likaendelea kuitwa bomba. Katika Maskati ya siku zile mtu aliomba ruhusa hata ya kuinua ukuta wa uani kwake, na lango la mji likishafungwa usiku, aliyetembea bila fanusi alikwenda kulala korokoroni. Roketi halikuwa neno la kutamka ovyo. Bomba halikumtia mtu mashakani.

Kule Unguja alikuwa fundi wa maabara katika skuli moja ya wavulana. Aliosha chupa, aliwasha moto, na walimu walipokwenda kunywa chai alisoma majarida yao ya sayansi. Mapinduzi ya sitini na nne yalipomtoa huko, alipanda meli na mkewe Nasriya na mama mkwe wake, Bi Sayyida, wakashukia Maskati, ambako Bi Sayyida alikuwa na nyumba aliyorithi kwa babake. Wengine walifika na dhahabu imeshonewa kwenye pindo. Thabit alifika na furushi la majarida, mengine si yake.

Akapata kazi ya kutengeneza mashine za kupandishia maji kwa tajiri mmoja wa Matrah, mji wa jirani. Kazi ilimlisha, paa la nyumba ndilo lililompa la kuamkia. Lilikuwa paa tambarare lenye ukuta wa kiuno, na kila alasiri alipanda huko na tupa yake, na hapana aliyemuuliza katoka wapi wala atarudi lini. Mtu mwenye nchi mbili na asiye na hata moja anahitaji mahali pa kuweka koleo zake.

Mara moja tu alijaribu kuwasha chumba cha moto cha bomba, peke yake, bondeni nyuma ya mji. Kwa bahati mbaya ilikuwa Ramadhani, na kwa bahati mbaya zaidi ilikuwa jioni. Kishindo kilipofika mtaani, watu walidhani ni mzinga wa ngomeni. Mtaa mzima ukafuturu, na jua liko juu ya mlima linawatazama. Bi Sayyida alikuwa keshameza tende mbili na uji wa kutosha. Siku ile aliilipa baadaye, na hakuacha kumkumbusha mkwewe kwamba aliilipa.

Julai ya mwaka sabini utawala ukabadilika, na upesi yakaja mambo mawili ambayo Thabit hakuyatarajia kuja pamoja: ruhusa na wageni.

Wageni walikuwa Bi Mahbuba na watu wake. Marehemu Bwana Thani, baba yake Nasriya, alikuwa na wake wawili Unguja: Bi Sayyida, aliyeolewa kwanza, na Bi Mahbuba, aliyependwa. Sasa Bi Mahbuba alikuwa anakuja Omani na bintiye Muhsina, mwalimu, na wajukuu, na hakuwa na pengine pa kufikia kwa heshima ila kwa mke mwenzake.

"Waje," alisema Bi Sayyida, kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. "Mgeni ni baraka."

"Watakaa wapi, mama?" Nasriya akauliza.

"Juu ya paa. Tutawajengea vyumba viwili vya barasti, makuti matupu, wapate upepo."

"Si uani? Uani kuna nafasi."

"Uani nianze kuonana naye kila nikienda kuteka maji? Juu ya paa."

"Na vitu vya Thabit?"

"Bomba lina miguu minne. Litembee."

Ndani ya kuta za Maskati hapakuwa na paa jingine. Nani amkodishe mtu aliyewafungulisha watu kabla ya magharibi? Thabit akaomba apewe hadi Ijumaa alirushe. Akilini mwake alikuwa na hesabu ndogo: bomba likipaa mbele ya watu wote, Bi Sayyida ataona kuwa miaka sita haikupotea bure, naye atawajengea wageni uani. Nasriya, aliyemjua mamake, alimwambia hesabu hiyo ina makosa. Lakini alimwombea ile Ijumaa.

Ruhusa aliifuata kwa kijana mmoja wa ofisi mpya, Aflah, aliyesoma Kuwait na aliyekuwa bado anaifurahia meza yake. Walizungumza Kiarabu.

"Kitu chako hiki kinakwenda wapi?"

"Juu."

"Kisha?"

"Chini."

"Chini wapi?"

 Siku zote Thabit alikuwa ameifikiria safari ya kwenda tu.

"Basi mimi nakuruhusu kwenda juu," alisema Aflah. "Kushuka, mpaka uniahidi kwamba kitashuka taratibu. Na nitakuja kuangalia."

Kwa hiyo ukahitajika mwavuli wa kushukia, na Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Hariri haikupatikana. Kitambaa cha marekani kilikuwa kizito. Thabit akaingia chumba cha stoo, akafungua sanduku la nguo la mama mkwe wake, na chini kabisa, chini ya majoho ya marehemu, akakuta doti mbili za kanga, nyekundu kwa nyeusi, hazijafuliwa wala kuvaliwa, bado zina wanga wa dukani. Alizivuta. Alizipuliza. Alizitundikia jiwe. Zilikuwa nyepesi, na hazikuachia hata uzi.

Thabit alikuwa mtu wa kusoma hata gazeti lililofungiwa dagaa. Lakini maandishi ya kanga, kama wanaume wengi, aliyaona ni ya wenyewe. Alizikata, akaunga vipande vyote vinne kwa cherehani, pindo zikitazama nje, akakunja, akashindilia bombani juu ya kibaruti kidogo cha kuusukumia mwavuli, na akalala vizuri.

Qurum, pwani ya nje ya mji, wakati ule ilikuwa mchanga, mikoko na mbuzi. Walikwenda Ijumaa baada ya alasiri, kwa lori la tajiri na Landrova mbili. Bomba likasimamishwa kwenye reli yake, na urefu wake ulizidi watu wawili mmoja akiwa mabegani mwa mwenzake. Aflah alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mtu aliyeombwa kumnunua ngamia. Wanawake walitandika mikeka mbali, juu ya kichuguu cha mchanga, wakafungua mandazi.

"Marehemu akipenda sana mandazi yangu," alisema Bi Mahbuba. Alikuwa ana siku mbili tu Maskati, akilala kwa muda chumbani kwa Nasriya, na marehemu alikuwa ameshapenda pilau yake, udi wake na namna yake ya kukunja mashuka.

"Yangu alikuwa hayali, eti?" Bi Sayyida akauliza.

"Sijasema hivyo, dada. Nasema akipenda yangu."

"Mama mdogo, onja chai," Nasriya akaingilia.

Kule chini Thabit alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya lori na nyaya mbili na betri ya gari. Alisema bismillahi, akagusisha.

Kwanza ulitoka moshi, na Aflah akaanza kutabasamu kwa huruma. Kisha bomba likaondoka. Halikuondoka kwa madaha, liliondoka kama mtu aliyeitwa, na mlio wake ukafika mikekani lenyewe likiwa limeshafika mbali. Mbuzi wakatawanyika. Moshi ukasimama angani kama mstari wa chaki, na mbele ya mstari palikuwa na kitu kidogo king'aacho, kisha hapakuwa na kitu. Thabit aliinuka, kanzu imejaa mchanga. Kwa miaka sita hakuwahi kujiuliza uso wake ungekuwaje saa ile. Ulikuwa wa mtu anayesubiri chenji.

Kikasikika kishindo kidogo cha juu sana, na katika buluu likachanua ua jekundu.

"Allah!" alisema Aflah, na safari hii hapakuwa na huruma.

Upepo ulitoka baharini. Mwavuli ukashuka taratibu kama ulivyoahidiwa, ukiliburuta bomba chini yake, ukaja nchi kavu, ukaja juu ya kichuguu, ukajizungusha pole pole, pindo moja baada ya jingine, herufi kubwa nyeusi juu ya nyeupe. Muhsina alikuwa mwalimu. Akiona herufi, mdomo ulisoma kabla yake.

"U-na-cho-ringia… ni makombo…" Akauziba mdomo kwa ushungi.

"Malizia," alisema mamake.

"Si kitu, mama."

"Ni makombo ya nani?"

"Yangu," Muhsina akamalizia kusoma.

Mwavuli ukageuka, ukaonyesha pindo la pili, kisha la tatu na la nne, asije mtu akadhani amekosea kusoma. Bomba likatua hatua chache kutoka kwenye mandazi.

"Pameandikwa nini?" Aflah, aliyekuja mbio, akamwuliza Thabit kwa Kiarabu.

Thabit akasoma, kwa mara ya kwanza. "Dua ya msafiri," alisema.

Bi Mahbuba hakupiga kelele. Alimgeukia mwenzake. "Umezinunua lini hizi, dada?"

"Mwaka uliojengewa nyumba."

"Na hukuzivaa."

"Nikamwonea haya marehemu."

"Basi umengoja nivuke bahari, ndiyo uniandikie mbinguni."

"Wallahi Mahbuba, sikujua! Nnaapa! Muulize huyu!"

Wote wakamtazama Thabit. Alieleza habari za uzito wa kitambaa na nguvu ya uzi. Hapana aliyemkatiza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nasriya, aliyekuwa amempata dada yake baada ya miaka sita, alikunja mkeka bila kumwangalia mumewe, na kwa siku nyingi baadaye alikuwa akimwekea chakula na kuondoka.

Jioni ile ile Bi Mahbuba alihamia Matrah kwa Ghanim, mtoto wa kaka yake aliyekodi chumba kimoja tu, akiwa na watu wake wote. Alisema hakasiriki, ila kifua chake hakipendi upepo wa juu ya paa. Bi Sayyida akamfuata Ijumaa ya pili kuomba radhi, akarudi na chai haijanywewa. Akaenda tena Ijumaa iliyofuata. Mara ya tatu Bi Mahbuba alimkumbatia, wakalia wote wawili, wakamsema marehemu kwa kirefu, na si kwa mema tu.

"Nimekusamehe," alisema Bi Mahbuba, "lakini kwako silali."

Bi Sayyida alirudi Maskati, akapanda ngazi hadi juu ya paa, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu awasili, akasimama akihema. Boriti za barasti zilikuwa bado zimeegeshwa ukutani, hazijajengwa. Thabit alisimama wima na tupa mkononi, akingoja hukumu yake.

"Liko wapi?"

"Hili hapa, mama. Limebonyea kidogo."

Alilitazama kwa muda. Akalisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Lipake rangi. Litaota kutu, majirani watatucheka."

"Alumini haioti kutu, mama."

"Thabit. Lipake rangi."

Akalipaka.