Msomi wa Bei za Maembe
Sokoni Kakuyuni binti huyo walimwita Msomi, kwani alikuwa akisomea shahada ya pili ya ushindani wa biashara, akichunguza jinsi wanunuzi wanavyopatana bei kisirisiri. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kabla ya kuuliza jambo zito alikaza fundo la leso. Siku hiyo maembe ya mkulima Kavumbi yalikuwa yameanza kulainika, na wanunuzi wote wakamtajia bei moja ya kutupa. Msomi akakaza fundo.

“Shikamoo, baba. Bei hii mlipatana wapi?”

“Kwani wewe hakimu?” mnunuzi akacheka.

“La, bado nasoma. Lakini wenzako mbona wanatazama chini?”

Mmoja wao akakohoa, akapandisha bei. Kavumbi aligeuka kumshukuru binti, akaona bado amelishikilia fundo la leso. Akamsogezea kigoda.