Kanzu Nyeupe na Mbwa wa Kasulu

Kaka yangu mkubwa aliingia kwenye kikao cha ukoo, Ujiji, akiwa na kanzu nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Wekundu ulianzia mabegani ukashuka hadi anapokalia, na ulikuwa udongo wa barabara ya Kasulu, aliokuwa ameupaka kwenye kiti cha gari lake kwa mikono yake mwenyewe. Yeye hakujua. Mimi niliyeingia nyuma yake nilijua, na sikumwambia.

Kikao alikiitisha yeye. Nia yake ilikuwa kumhamisha mama.

Mama yetu ni mjane. Anaishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na baba, karibu na lami iendayo Kigoma mjini, na anafuga mbuzi wachache. Mvua zilipoanza, wezi waliruka ukuta alfajiri mama akiwa ndani anaswali, wakaondoka na mbuzi wawili, na kaka akapata sababu aliyokuwa akiitafuta kwa muda mrefu. Miaka yote hiyo amekuwa akiupita ua wa mama kwa gari, mwendo wa kunyata, akiutazama kama mtu anayeitazama sahani ya mwenzake. Aliwahi kuniambia kwamba pale pangekaa fremu za maduka vizuri sana. Baada ya wizi hakuzitaja tena fremu. Alitaja usalama. Usalama wa mama ulikuwa unamnyima usingizi, alisema, ingawa kutoka kwake Mwanga hadi Ujiji ni mwendo mfupi na hakuja kumpa pole. Alipiga simu.

"Utakaa kwangu, mama," alimwambia. "Chumba kipo, feni ipo."

"Nikahamie Mwanga," mama akanijibu mimi, simu ikiwa imekwisha kukatwa, "nimwombe mkwe wangu ruhusa ya kukaanga dagaa?"

Nikaenda kwa baba mdogo, ndugu wa baba, ambaye ndiye neno lake hufuatwa kwetu. Nilimwambia dawa ya wezi ni mbwa, wala si kumhamisha mwenye nyumba. Alitafuna hilo kidogo, akasema: mbwa aletwe, kaka ana gari, amlete, kisha tukae kikao siku hiyo hiyo. Nilitegemea kaka angekataa. Alikubali upesi mno. Kilomita nyingi baadaye ndipo nilipoelewa hesabu yake: alikuwa ana hakika kwamba mama, mwenye udhu wake wa kila saa, akimwona mbwa mlangoni atamfukuza mwenyewe, na hoja ya ulinzi itakufa mbele ya mashahidi. Kwa hiyo alinisaidia kumleta mbwa ili mbwa anishinde. Ni akili, lakini ni akili ya aina ambayo mtu huitumia dhidi ya mamaye.

Tulitoka asubuhi. Kaka aliendesha akiwa na shati. Kanzu yake ya kikao, iliyopigwa pasi, ilikuwa imetundikwa dirishani ndani ya mfuko wa nailoni. Viti vya nyuma alivifunika karatasi la plastiki, kisha jingine juu yake, kisha akapulizia manukato, kwa mbwa ambaye hajamwona. Njiani alinieleza habari za najisi kutoka Mwandiga hadi tunaukaribia mji wa Kasulu. Sina ugomvi na elimu ile. Nilifundishwa chuo cha Kurani kama yeye, mkeka mmoja. Ila mtu ambaye Ramadhani iliyopita alikuwa na vidonda vya tumbo kila mchana, na vikapona kila magharibi, alikuwa anafuta kioo kwa leso na kuniambia mimi nimelegea katika dini.

Mwenye mbwa alikuwa mama mkulima, nje kidogo ya Kasulu, ambaye nilimpata kupitia mfanyabiashara wa maharage. Alikuwa na mbwa watatu na shamba moja, alisema, na hao watatu walikuwa wanalinda shamba linalotosha mbwa mmoja. Alitusalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akatupangusia benchi. Mbwa mwenyewe alikuwa jike, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika ncha, mtulivu. Kaka hakushuka kwenye gari. Aliteremsha kioo upana wa vidole viwili.

Yule mama akamtazama, akaitazama kanzu iliyotundikwa.

"Na hilo vazi," akaniuliza, "mmemletea mbwa?"

"La kaka yangu. Ana kikao."

"Basi mwambie asiogope. Huyu haumi watu waliosimama vizuri."

Kaka akapandisha kioo.

Mama yule aliniambia mambo mawili tu kuhusu mbwa: kwamba amezoea mbuzi tangu mdogo, na kwamba akipanda gari hutokwa na udenda. La pili nililifikisha kwa kaka kama nilivyolipokea. Akasema ndiyo maana ameweka plastiki.

Plastiki ilikuwa kwenye kiti. Udenda ulikuwa kwenye mbwa, na mbwa hana sababu ya kutazama kiti wakati mbele kuna dirisha. Hatukwenda mbali akaweka kidevu juu ya kiti cha dereva, nyuma ya shingo ya kaka, akaanza kuitazama barabara pamoja naye. Udenda ulishuka kwenye kitambaa cha kiti, ukaingia kwenye ukosi wa shati. Halafu, kwa upole kabisa, akamlamba sikio.

Kaka hakupiga kelele. Alisimamisha gari kando ya kijito kimoja kabla ya Kidahwe, akashuka, akabaki amenyoosha mikono kama aliyemwagiwa mafuta ya mawese.

"Mara saba," akasema. "Moja kwa udongo."

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuosha kilicholambwa na mbwa, na sikumbishia. Lakini mwalimu wetu alituonyesha kwa bakuli: udongo kiasi cha kiganja, ukakorogwa katika maji, bakuli likasuguliwa, likasuuzwa. Kaka alichimba kwa spana ya gari akajaza ndoo. Alikandika kiti chote cha kitambaa, mgongo na kikalio, kwa udongo mwekundu mzito kama anayepaka ukuta wa nyumba ya tope, kisha akamwaga maji kutoka kijitoni, akihesabu kwa sauti ili nami nisikie. Akajisugua sikio na shingo. Watu wawili waliokuwa wanasukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi walisimama kutazama.

"Gari limeugua?" mmoja akaniuliza.

"Limelambwa."

Wakaangaliana, wakaendelea na safari.

Alipomaliza kuhesabu saba, kiti kilikuwa kimelowa hadi kwenye sponji, na ukikibonyeza kilitoa uji mwekundu. Kaka alilivua shati, akalitupa kwenye buti, akaitoa kanzu kwenye nailoni. Muda ulikuwa umekwenda na alitaka kushuka Ujiji akiwa ameshavaa, watu wamwone.

"Kaka, kiti hakijakauka."

"Nimekitwaharisha mwenyewe."

"Sisemi najisi. Nasema tope."

Akanitazama kwa huruma, ile anayoitumia kwa watu wa ofisini kwake wanaotaka likizo. "Kilichotwaharika," akasema, "hakimchafui mtu."

Akaketi. Nilisikia sauti ya kiti kikimpokea. Nilimpa lile karatasi la plastiki la pili alikalie. Akasema limekanyagwa na mbwa. Kutoka hapo hadi Ujiji aliendesha ameegemea kwa raha, akinikariria atakayosema kikaoni, na mbwa, aliyefungwa sasa chini miguuni pangu, alilala.

Kikao kilikuwa barazani kwa mama. Baba mdogo alikuwepo, shangazi, na wajomba kadhaa ambao sijawahi kuwaona mama akiumwa, ila huwaona pilau ikipikwa. Walikwisha kula. Walikuwa tayari kuhurumia upande wowote utakaozungumza kwanza.

Kaka alizungumza kwanza, amesimama. Alizungumza vizuri, hilo nampa. Alisema mama amezeeka, wezi wamezidi, na sasa, badala ya kumsitiri mzazi, kuna watu wamemletea uchafu ndani ya nyumba ya swala. Akasema yeye hawezi kuvumilia mama yake akaishi katika uchafu. Na aliposema neno uchafu akageuka kuelekea uani, kumwonyesha mbwa kwa mkono.

Baraza zima likauona mgongo wake.

Mjomba mmoja alikohoa. Shangazi, ambaye hajawahi kukohoa pale anapoweza kusema, akauliza, "Mwanangu, huyo mbwa umembeba wewe au amekubeba yeye?"

Kaka akavuta kanzu, akageuza shingo kama kuku, akaona. Alianza kueleza habari za mara saba. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyocheka, na wajomba, waliokuwa tayari kumhamisha mama kabla ya chai, wakawa wanampigia mama makofi ya mapaja. Watu wale hawakubadilishwa na haki. Kama tope lingekuwa kwangu, mama angekuwa Mwanga.

Mama alisubiri wamalize. "Mbwa wa kulinda mifugo atakaa uani," akasema. "Chombo chake kitakuwa chake. Mimi mwenye kunitia najisi ni anayeingia bila hodi."

Baba mdogo akaamua: mama abaki hadi kiangazi, waone kama mbwa analinda, kiangazi watakaa tena. Kaka aliondoka bila kula, na kiti kilikuwa bado kimelowa.

Juma lililopita mama alikwenda kwenye msiba mtaa wa pili. Jirani anayeanika dagaa ng'ambo ya ukuta anasema alikuja mwanamume mwenye kamba ya kupimia na vigingi vya mbao vyenye ncha zilizopakwa rangi nyekundu, akafungua lango la mama kwa ufunguo, wala hakuuliza mtu. Alikuwa amekwisha kupigilia vigingi vitatu, pembe tatu za ua, mbwa alipokata kamba nyuma ya zizi. Jirani anasema hakuwahi kumsikia akibweka namna ile. Mwanamume alikimbilia bajaji iliyokuwa inamsubiri, na kigingi cha nne akakiacha langoni.

Mama alimpigia kaka simu. Kaka akasema labda ni watu wa barabara. Mama akamuuliza watu wa barabara wanapata wapi ufunguo. Akasema mtandao unakatika.

Mimi nilitaka kuving'oa. Baba mdogo amekataza: visiguswe hadi kikao cha kiangazi, viwe ushahidi. Ufunguo wa lango uko kwa mama, kwangu, na kwa kaka. Kaka anasema wake aliupoteza zamani, na hakumbuki ni wapi.