Apu Isiyojua Sabato

Jumatatu niliingia duka la hadwea mjini Homa Bay kununua misumari, nikakuta vita kwenye kaunta. Kwa ajili ya mwaka mpya, tajiri mwenye duka ameweka apu ya kupanga kazi kwenye simu za wafanyakazi wote. Lazima uibonyeze kila siku, hata siku yako ya mapumziko, nayo inahesabu siku ulizobonyeza mfululizo. Ukiruka siku moja, unarudi sufuri, na mwenye sufuri anafutwa kazi.

Keshia, mama Msabato, alikuwa amerudi sufuri.

"Mama, kwani Jumamosi ulilala?" tajiri alifoka, akimsogezea simu hadi puani.

"Nilikuwa kanisani, bosi. Sabato sifanyi kazi."

"Kubonyeza tu! Kidole kimoja! Hiyo nayo ni kazi?"

Mama alifunga droo ya pesa polepole, akaweka ufunguo juu ya kaunta. "Kama si kazi, mbona unanifuta nisipoifanya?"

Hata mimi, ambaye machifu wa Migori nzima huukwepa mdomo wangu, nilimvulia kofia. Tajiri aliitazama foleni ya wateja iliyozidi kurefuka nyuma yangu, kisha akamrudishia ufunguo. "Hudumia watu," akanong'ona.

Nami nimeifuta apu ambayo shemeji aliniwekea kwenye simu, inayohesabu siku nilizoamka mapema. Ikitaka niamke, ije ichemshe chai.