Nilivyoanza kwa Kumsalimia Mbuzi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilitumbukia kwenye shimo la matofali kwa sababu ya kukimbia salamu. Usicheke kwanza. Au basi cheka, maana siku hizi hata mimi nacheka, ila siku ile nililia.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba huku kwetu milimani, nje kidogo ya Kasulu, na nimechaguliwa sekondari ya bweni kule Kibondo. Salamu zetu sisi Waha unazijua. Si "mambo, poa" halafu mtu ameshapita. Unainama, unapiga makofi taratibu, unamsabahi mkubwa, naye anakuuliza baba, mama, bibi, ng'ombe, maharage, na mvua kwenu imenyesha vipi, hata kama nyumba yake na yenu zinatazamana. Mimi nikimwona mtu mzima anakuja tu, moyo unanienda mbio, viganja vinalowa, ulimi unakauka. Niliona wazi kabisa kwamba nitakosea na nitachekwa mpaka sokoni.

Nikaacha njia, nikawa napita kwenye mihogo ya watu. Nilirudi nyumbani sketi imejaa vishonanguo, na kila mtu akawa na maelezo yake. Mama alisema nina mvulana huko kwenye mihogo. Baba alisema ni kiburi. Bibi akasema ni minyoo. Nikachapwa kwa ajili ya mvulana nisiyemjua, nikanyweshwa dawa chungu ya minyoo nisiyokuwa nayo, na hofu yangu ikabaki palepale.

Siku ya shimo niliwaona wazee wamesimama njiani wanaongea, baba akiwa miongoni mwao. Nikakata kona nyuma ya tanuri la matofali, nikazama kwenye tope mpaka kifuani. Wakaja mbio. Mzee Bihemo, jirani yetu, akanipa mkono akanivuta, na nilipofika ukingoni, tope limenifunika mpaka kope, akanitazama usoni akanisabahi kwa Kiha, "Mwakeye! Wa nyumbani hawajambo?"

Nikauachia mkono wake, nikarudi shimoni.

Baba aliona aibu ambayo sijaiona kwake tena. Jioni akatangaza kwamba shule siendi. Mtu asiyeweza kumsalimia jirani, alisema, ataishije na watu asiowajua? Abaki alime. Mwanangu, shule niliitaka kuliko chakula. Nililia mpaka kwikwi.

Aliyekuja kuniokoa ni Shangazi Skola, dada mkubwa wa baba, mama mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Hakuketi hata kidogo.

"Kaka, siku ya kupeleka posa ulijificha wapi?"

Baba akakohoa.

"Nakuuliza. Si ghalani, chini ya magunia ya mahindi? Nani alikutoa? Huyu mtoto hana kiburi, anaogopa. Na kwa hiyo fimbo unamwongezea kitu kingine cha kuogopa."

Akanichukua kwake. Nilidhani nitapewa dawa nyingine, kumbe asubuhi akanipeleka zizini. "Msalimie huyo mbuzi."

"Mbuzi, shangazi?"

"Huyo hacheki mtu."

Nikainama, nikapiga makofi, nikamuuliza mbuzi habari za watoto wake, naye akautafuna upindo wa kanga yangu. Nilipomzoea mbuzi nikapelekwa kwa bibi mmoja asiyesikia vizuri. Nilimuuliza habari za nyumbani akanijibu habari za goti lake, tukaagana vizuri tu. Halafu wanawake wa kisimani, shangazi akiwa amesimama pembeni anajifanya kufunga kanga. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kila mara. Nilipomlalamikia, alisema, "Uache ukimbie. Wewe baki hapohapo, utarudi wenyewe." Na kweli, ulikuwa unarudi.

Mwishowe akanirudisha kwa baba, na Mzee Bihemo akaitwa. Nikainama, makofi yakatoka, sauti ikatoka nusu, katikati nikasahau yote, nikamuuliza kama ng'ombe wake hawajambo. Mzee yule hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Akanijibu kwa adabu zote, "Hawajambo, mwanangu, wanakusalimu sana."

Baba alicheka, kisha akageuka pembeni akapangusa macho kwa kiganja. "Mtafutieni sanduku la shule," alisema.

Majuzi pale zahanati nesi alitufundisha sisi walezi kwamba ubongo wa mtoto hujengwa polepole, mpaka mtu apite miaka ishirini na kitu. Sehemu inayopiga kelele za hatari huwahi kupata nguvu. Ile ya kumwambia, tulia, huyu ni jirani tu, huchelewa. Nilimkumbuka Shangazi Skola, machozi yakanitoka, nesi wa watu akadhani amenikosea.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayeiacha simu iite mpaka ikate, halafu unaandika "ulinitafuta?" Hujaharibika. Kichwa chako bado kinajengwa, na hofu isikufanye ujione mjinga. Ila usiizungukie kila siku, maana kila unapoizunguka inanenepa. Anza na kidogo unachokiweza, kesho ongeza. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Ukiona usingizi na chakula vimekukimbia, nenda zahanati ukaseme, kama unavyosema homa. Na siku ukiwa mzazi, kabla hujamwita mtoto wako mwenye kiburi, muulize kwanza anaogopa nini, kisha umsubiri ajibu.

Mungu akutangulie kila mlango unaouogopa, na ukiufungua ukute ndani watu wanaokufurahia. Ukue, mwanangu, na usikue peke yako.