Nywele za Bati Zilizomponza Fundi Agneta

Saa tatu asubuhi, Kanduyi. Agneta Wakhungu anafungua mgongo wa redio kuukuu, anachomoa koleo na kukata mguu mmoja wa transista, kijikopo cha bati chenye miguu minne kinachokuza sauti. Redio inakohoa, kisha kwaya inapasua anga.

"Miguu minne ya nini? Hata kuku ako na miwili," anacheka.

Mwezi jana hakuwa akicheka.

Mjane huyu wa miaka 46, anayepata kama shilingi 250 kwa siku, ana desturi yake. Akimaliza kazi hudondoshea skrubu rangi nyekundu ya kucha. Rangi ikipasuka, anajua redio imefunguliwa na mtu mwingine.

Ndipo Mzee Ngige akaja kutoka Kitale na redio ya marehemu mkewe, Nyaguthii. Agneta aliitengeneza mwaka 2005, ikaimba, ikafungiwa kabatini. Sasa ilikuwa bubu.

"Mama, hii rangi ni yako?" aliuliza mzee mbele ya mafundi wa meza za jirani.

"Ni yangu, mzee."

"Imeguswa?"

"Haijaguswa."

"Basi mwizi ni wewe! Ulichukua transista nzuri, ukaniwekea mbovu!"

Muhuri wake mwenyewe ukamfunga. Mafundi wenzake wakampa hadi Ijumaa ajitetee, ama aondoe meza yake.

Ijumaa alikuja na mteja wake, Mwalimu Chesang wa fizikia, aliyebeba kioo cha kukuza. Walipasua kikopo cha transista ile, mafundi wakachungulia mmoja mmoja. Ndani, kwenye kuta za bati, zilikuwa zimeota nywele zinazong'aa, nyembamba kuliko za kitoto kichanga. Mmoja uligusa kiini, umeme ukapotelea hapo.

"Ati bati inaota nywele? Huu ni uchawi bana!" alimaka Wekoye, fundi jirani.

"Si uchawi," alijibu Chesang. "Chembe za bati hazitulii. Zinatambaa, zinasukumana, zinarundikana, kirundo kinarefuka kuwa unywele. Hata redio ikiwa imezimwa."

Agneta hakuamini. Alichukua kutoka mkebe wake transista ya zamani, isiyowahi kuingia redio yoyote. Wakaipasua. Nayo ilikuwa na ndevu!

"Nilikaa chini pu!" anakumbuka. "Miaka kumi na tisa naambia watu, 'Nenda, imelala salama.' Kumbe huko ndani kuna msafara!"

Dawa ni ule mguu wa nne, unaounganisha kikopo na mitambo ya redio. Ukikatwa, unywele unagusa bure. Agneta aliweka transista nyingine, akakata mguu wa kikopo wa kila transista. Redio ikaimba. Mzee Ngige akavua kofia.

"Mama, nilikukosea. Na hawa walisikia nikikuita mwizi, wasikie na hili."

Sasa mzee amempa baraza ya duka lake Kitale kila Jumamosi, atengeneze redio za zamani za wakulima. Agneta anaweka akiba anunue kioo chake cha kukuza.

Na rangi ya kucha? Anaidondosha bado, anaipuliza ikauke.

"Hii ni ya kuzuia watu," anasema. "Bati, hiyo haina adabu."