Nilimuua Kwenye Hadithi, Sasa Anaondoka Kweli

Admin, nifichie jina na picha, maana huku milimani watu wanajuana mpaka kikohozi. Wakubwa wote shikamooni. Nina miaka thelathini na sita, naishi Lushoto mjini, nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi. Sijaoa na sitaoa, kwa sababu mtu ninayempenda ni mwanaume mwenzangu. Wa kutukana tukaneni sasa mmalize, halafu mnisikilize, nimekwama.

Pamoja na kibanda, naandika hadithi za mapenzi kwenye simu na kuzituma kwenye kundi, sehemu moja kila Jumamosi. Wasomaji wangu ni walimu, manesi, akina mama wa sokoni. Hadithi iliyonipa jina ni ya binti niliyemwita Salima, fundi cherehani, anayeanza kucheka kabla hajamaliza kusema kichekesho chenyewe, na anayekula peasi mpaka na mbegu zake. Watu walimpenda Salima hadi wakawa wananisimamisha barabarani kumuulizia. Ila Salima hayupo. Salima ni mwenzangu, fundi wa mashine kwenye kiwanda kimoja cha chai, aliyetoka Njombe kuja kutafuta kazi. Tuko pamoja mwaka wa saba huu, majirani wanajua tu kwamba tumepanga nyumba moja kupunguza kodi. Nitamwita Fundi.

Mwanzoni Fundi alifurahi sana. Alikuwa anasoma kila sehemu kabla sijaituma, ananiambia huyu mwanamke wako ana mwendo wangu, utaniumbua wewe. Halafu wasomaji wakataka harusi, nikawapa harusi. Wakataka watoto, nikawapa mapacha. Fundi akaacha kusoma. Nilidhani ni uchovu wa kazi.

Kumbe moyo ulikuwa umemjaa, na lililozidisha ni la nyumbani kwetu, upande wa Bumbuli. Tulikwenda kumsalimia mama, naye huwa anasomewa hadithi zangu na dada yangu. Tukiwa tunakula, mama akaniuliza Salima yuko wapi, kwa sababu mtu hawezi kumwandika mwanamke namna ile bila kumjua. Kisha akamgeukia Fundi, akamwomba kama rafiki yangu anisukume nimlete huyo binti kabla yeye hajafumba macho. Fundi akaitikia, ndiyo mama, nitamsukuma. Akaendelea kula makande yake. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tuliporudi akaniambia amechoka kuvaa gauni kwenye hadithi zangu. Akaomba nimwandike yeye mwenyewe, mwanaume, fundi wa mashine, pamoja na mimi. Si ya kutuma kwenye kundi, jamani, tungefungwa. Ya kusoma sisi wawili tu.

Nikaandika wiki tatu, kila mchana wateja wakipungua. Niwaambie ukweli, nilijivunia kazi ile. Nilitujengea nyumba Irente, nikatupatia bustani na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwishoni nikamweka Fundi kwenye lori la kabichi, likashindwa breki kwenye zile kona za kushukia Mombo, akafa. Nililia wakati naandika. Na mimi nikilia najua hadithi imeiva. Nikachapa, nikabana pini, nikampelekea huku nasubiri sifa. Mjinga mimi.

Alisoma amesimama mlangoni, na buti za kazi hajavua. Alipomaliza akanirudishia karatasi.

"Salima ulimpa ndoa na mapacha," akasema. "Mimi umenipa kona ya Mombo. Hata kwenye uongo wako hatuzeeki?"

Nikaanza kujitetea kiuandishi. Nikamwambia hadithi lazima iguse, na kwamba wanaume wawili wakiishi vizuri mpaka mvi nani ataamini.

"Mimi ningeamini," akasema.

Tangu siku hiyo nimejihoji kwa nini nilimuua, na jibu ninalopata linanitia aibu. Hadithi chache nilizowahi kuziona za watu kama sisi, mmoja anafungwa, au anaokoka na kuoa, au anazikwa. Sijawahi kusoma hata moja inayowafikisha uzeeni. Mkono wangu ukaenda unakokujua, na wala sikushtuka.

Fundi amepata kazi kwao Njombe, anaondoka Jumanne ijayo. Hajaninunia, na hilo ndilo linanimaliza. Anapika, ananiachia chai kwenye chupa, ananikumbusha koti kukiwa na ukungu. Nilipomsihi abaki akasema hataki kusihiwa. Nimwandikie ukurasa mmoja tu ambao yeye na mimi ni wazee na wote tuko hai, akiusoma akauamini atafungua begi. Hawezi kuzeeka na mtu ambaye hata kuwaza jambo hilo hawezi.

Leo siku ya tano niko mbele ya kompyuta. Watu wanaleta barua zao za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, nazichapa vizuri na kuzinyoosha. Zamu yangu ikifika naandika: Wazee wawili waliamka asubuhi. Basi. Sijui nani anakoka moto. Sijui watoto wa jirani wanawaamkiaje. Mmoja akilazwa hospitali, sijui yule mwingine anajitambulisha kama nani. Nikijilazimisha kusogea naona nimeshamuua mmoja tena, nafuta, narudi palepale.

Ndugu zangu, ushauri wa kumbembeleza sina haja nao. Namtafuta mtu mmoja tu kati yenu maelfu, mwanaume aliyezeeka na mwanaume mwenzake, au aliyewahi kuwaona watu hao kwa macho yake. Njoo inboksi kwa admin, sitakuuliza jina wala unakoishi. Niambie tu, hao wazee wakishaamka, wanafanya nini?